Ukiachwa kwa mataa, mkumbuke Ranggawarsita

Ebu sema ukweli. Ni lini mara ya mwisho uliahidiwa kitu, ukangoja, ukangoja, na simu haikulia? Mimi bosi mmoja aliniambia kazi ni yangu, nisubiri tu Jumatatu. Nikanunua shati. Nikatangazia mtaa mzima. Jumatatu ikafika, kazi ikapewa mwingine, nami nikabaki na shati. Usiku huo nilishika simu tayari kumwaga mtama wote Facebook, jina lake na kila kitu.

Kama nawe umeshika simu saa hii, iweke chini kidogo. Kuna jamaa nataka umjue.

Alizaliwa Machi 15, 1802 mjini Surakarta, kisiwani Java, katika nchi tunayoiita leo Indonesia. Jina la utotoni lilikuwa Bagus Burhan. Ukoo wake, akina Yasadipura, ulikuwa wa malenga wa ikulu ya mfalme. Yaani kazi ilimsubiri tangu akiwa kwenye mbeleko.

Lakini usidhani alikuwa mtoto mtulivu. Alipelekwa Tegalsari, Ponorogo, kusoma dini katika chuo cha bweni cha Kyai Kasan Besari. Wanaosimulia maisha yake husema alijulikana kwa kamari kuliko vitabu. Pesa zikaisha, masomo yakamshinda, akatangatanga. Baadaye akarudi kichwa chini, akaanza upya. Wewe uliyeacha chuo kama mimi, hapo kaa kitako.

Angali kijana, aliandika kazi ya kuchekesha iitwayo Serat Jayengbaya. Mhusika wake anawaza afanye kazi gani maishani. Anajiona katika kazi hii, anafurahi, halafu anaona hatari yake na kuitupa. Anarukia nyingine, yale yale. Ni wewe huyo, saa nane usiku, ukibadilisha ndoto kitandani.

Kicheko hakikudumu. Mwaka 1825 Mwanamfalme Diponegoro aliinuka dhidi ya Waholanzi, vita vikadumu miaka mitano. Mwaka 1828 Waholanzi wakamkamata baba yake Burhan. Hebu fikiria, miaka mingi baadaye kijana huyo huyo alifanya kazi na wasomi wa Kiholanzi, na akahusika na Bramartani, gazeti la kwanza la Kijava, lililoanza mwaka 1855. Maisha hayakungoji upone kwanza.

Mwaka 1845 alitawazwa kuwa malenga wa ikulu. Wakati huo tayari aliitwa Ranggawarsita. Ungesema amefika, sivyo? Akaanza kusikia minong'ono kwamba cheo cha juu zaidi kinakuja. Watu wakamsifu, wakampa matumaini. Akangoja. Cheo hakikuja. Alikuwa anakaribia miaka 60, mtu mzima mwenye heshima zake, na ameachwa kwa mataa mbele ya macho ya ikulu nzima.

Alifanya nini? Mnamo 1860 aliandika shairi la beti 12, Serat Kalatidha. Ushairi wa Kijava una bahari zake kama wetu, na hili liko katika bahari ya Sinom, jina linalomaanisha majani machanga ya mkwaju. Ni bahari inayohusishwa na ujana. Mzee ameumia, anachagua mdundo wa vijana.

Sasa angalia anavyoutuliza moyo wake, hatua kwa hatua. Kwanza anakiri ameumia. Hajifanyi chuma, anasema wazi kwamba anahisi kudharauliwa. Pili anajigeukia mwenyewe: kwa nini niliamini maneno matamu? Na hata ningekaa mbele, si ningepata nafasi kubwa zaidi ya kukosea? Tatu anatafuta kazi ya mikono yake, yaani kuandika visa vya kale ambavyo mtu anaweza kupimia mema na mabaya.

Ndipo anafika pale ambapo Wajava wanapakumbuka hadi leo: zama za kichaa. Ni wakati ambapo ukikataa ufisadi wa wenzako unabaki mikono mitupu, na ukiukubali dhamiri inakusuta. Unaujua wakati huo, sina haja ya kukueleza. Dawa yake ina majina mawili ya Kijava. La kwanza ni eling, kukumbuka wewe ni nani na Mola wako ni nani. La pili ni waspada, kukaa macho. Anamalizia kwa dua, bila kuacha kujitahidi.

Na katika beti zote 12, hamtaji kwa jina hata mmoja wa waliomvunja moyo.

Sitakudanganya kwamba baadaye mambo yalinyooka. Cheo hakikuja. Ranggawarsita alifariki Desemba 24, 1873, akiwa na miaka 71, akazikwa Palar, eneo la Klaten. Leo anaitwa malenga mkuu wa mwisho wa ikulu za Java.

Kwa hivyo ukitemwa na mpenzi au ukipigwa chenga ya kazi, lia kwanza, ruhusa unayo. Halafu jiulize wewe mwenyewe uliamini nini, na kwa nini. Kisha tafuta kitu cha kufanya kwa mikono yako kabla ya kuandika jina la mtu mtandaoni.

Ile posti yangu niliifuta kabla haijatoka. Shati bado ninalo. Nimelivaa nikikuandikia haya.