Walt Disney na Zamu ya Mnyonge

Wasomaji wengi humjua Walt Disney kwa yule panya wake, Mickey. Mimi leo nataka kumweleza kwa jambo jingine: foleni.

Alizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 5 Desemba 1901. Baada ya kuvuma kwa sinema za katuni, alijenga bustani ya michezo, Disneyland, huko Anaheim, California. Ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955, na siku hiyo ilikuwa fedheha. Tikiti za bandia zilizagaa, watu wapatao 28,000 wakafurika, jua likawaka, na mabomba ya maji ya kunywa yalikuwa haba kwa sababu ya mgomo wa mafundi.

Disney hakukata tamaa. Oktoba mwaka ule ule vilitolewa vitabu vya tikiti za madaraja, vikawatawanya watu wasisongamane kwenye mchezo mmoja. Kisha, kwa maonyesho ya New York ya 1964, wakabuniwa mfululizo wa mashua zinazofuatana majini, zikipakia watu bila kukoma. Mchezo huo ulihamishiwa Disneyland mwaka 1966. Mwaka huo huo, tarehe 15 Desemba, Disney akafariki.

Hapa kwetu Voi, siku za sikukuu, nimeona watoto wakingoja pembea. Mwenye mabavu hupenya mbele. Mnyonge hurudi kwao jioni na senti zake mkononi. Wahenga wametuusia subira, nami naikubali. Ila asiyewekewa zamu, ndugu zangu, asubiri nini?