W. RICHARD STEVENS: Mzaliwa wa Zambia aliyefundisha dunia kuunganisha kompyuta

HEBU fikiria uko kwenye maabara ya kompyuta chuoni, saa tatu usiku, na mradi unatakiwa kesho asubuhi. Umeandika seva yako ya kwanza kwa lugha ya C. Imefanya kazi vizuri, ukaizima ili urekebishe kitu kidogo tu, ukaiwasha tena. Ikakataa. Inakwambia kwamba anwani unayoitaka tayari inatumika. Inatumika na nani, na humu ndani uko peke yako?

Unazima, unawasha. Wapi! Unaenda kutafuta chai, unarudi baada ya dakika chache, na seva inawaka kana kwamba hakukuwa na shida yoyote.

Kioja hicho kimewatoa jasho wanaprogramu tangu miaka ya 1980. Wakati huo jibu lilikuwa limetawanyika: kidogo kwenye miongozo mikavu ya mfumo wa Unix, kidogo ndani ya msimbo wenyewe, na kilichobaki kilikuwa vichwani mwa watu wachache wa vyuo na kampuni kubwa. Mtu aliyeyakusanya hayo yote na kuyaweka kwenye vitabu ambavyo yeyote angeweza kufungua na kuelewa alizaliwa hapa hapa Afrika, katika mji wa machimbo ya shaba.

MTOTO WA MACHIMBO

William Richard Stevens alizaliwa Februari 5, 1951, mjini Luanshya, katika ukanda wa shaba wa nchi iliyoitwa Northern Rhodesia. Ndiyo Zambia ya leo, ila wakati huo uhuru ulikuwa bado miaka 13 mbele.

Baba yake alifanya kazi katika sekta ya shaba, na ni shaba iliyoamua familia italala wapi. Walihamia Salt Lake City nchini Marekani, wakaenda Hurley katika jimbo la New Mexico, wakaishi Washington, kisha wakarudi tena barani, safari hii Phalaborwa, Afrika Kusini. Masomo ya sekondari aliyafanyia katika Fishburne Military School, jimboni Virginia.

Hapa kuna jambo ambalo huenda likakushangaza. Stevens hakusomea sayansi ya kompyuta. Digrii yake ya kwanza, aliyoipata Chuo Kikuu cha Michigan mwaka wa 1973, ilikuwa ya uhandisi wa vyombo vya anga. Baadaye alipata uzamili mwaka wa 1978 na uzamifu mwaka wa 1982 katika uhandisi wa mifumo, yote kutoka Chuo Kikuu cha Arizona.

Ndege alizipenda kwelikweli. Katika miaka ya 1970 alikuwa rubani, na kando na kazi yake ya kila siku aliwafundisha wengine kurusha ndege. Ukisoma vitabu vyake, unamsikia mwalimu huyo wa ndege: hakwambii tu bonyeza hapa, anakuonyesha kitakachotokea usipobonyeza.

Mwaka wa 1975 alihamia Tucson, Arizona, na kuajiriwa kuandika programu katika kituo cha kutazama nyota cha Kitt Peak. Alikaa huko hadi 1982. Kisha akaenda Connecticut, kwenye kampuni ya Health Systems International, akawa makamu wa rais anayesimamia huduma za kompyuta. Kazi nzuri, cheo kizuri.

SOKETI NI KAMA SIMU

Ili uelewe alichokifanya baadaye, lazima kwanza uelewe soketi.

Mwaka wa 1983, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la Unix lililoitwa 4.2BSD. Ndani yake mlikuwa na njia mpya ya kuziwezesha programu mbili, hata zikiwa kwenye kompyuta tofauti, kuzungumza. Kila upande unashika kitu kinachoitwa soketi.

Ichukulie kama simu. Kwa kuita socket, programu yako imepata simu. Kwa bind, simu imepewa nambari. Kwa listen, imewekwa mezani ikisubiri kulia, na kwa accept, umeipokea. Anayepiga kutoka upande ule mwingine anatumia connect. Mkishaungana mnasoma na kuandika, na mkimaliza mnakata kwa close.

Ukiitazama hivyo, yaonekana rahisi. Lakini ni nani amekuambia kwamba accept hukupa soketi mpya kabisa ya kuzungumza na mteja huyo mmoja, huku ile ya kwanza ikiendelea kusubiri wengine? Ni nani amekuonya kwamba upande mmoja ukituma baiti 4,000, upande wa pili unaweza kupokea 1,000 kwanza, halafu nyingine baadaye? Mwanafunzi hujaribu programu kwenye kompyuta yake mwenyewe, data inafika yote kwa mkupuo, anashangilia. Siku ikienda kwenye mtandao halisi inaanza kukata maneno katikati.

Stevens aliyaandika haya yote mwaka wa 1990 katika kitabu chake cha kwanza, UNIX Network Programming. Badala ya kueleza kwa maneno matupu, aliweka programu nzima nzima za C, zinazofanya kazi. Kwa lile tatizo la baiti, alionyesha mzunguko mfupi unaoendelea kusoma hadi idadi yote itimie. Mistari michache tu, na watu wamekuwa wakiinakili tangu wakati huo.

Mwaka huohuo aliachana na cheo chake Connecticut, akarudi Tucson na kuamua kuishi kwa kuandika na kutoa ushauri wa kitaalamu. Alikuwa na mke na watoto watatu. Kuacha umakamu wa rais ili uandike vitabu kuhusu nyaya na pakiti si uamuzi ambao kila mzazi angeupigia makofi.

KUKATA SIMU NI KAZI PIA

Somo ambalo wengi walilipata kwake kwa mara ya kwanza ni kwamba kufungua muunganisho ni rahisi kuliko kuufunga.

Chukua seva ya kawaida ya Unix. Kila mteja anapoingia, mchakato hujigawa kwa fork, wanakuwa wawili: mzazi na mtoto. Mtoto anamhudumia mteja, mzazi anarudi mlangoni kungoja mwingine. Sasa, baada ya kugawanyika, wote wawili wameshikilia soketi ileile ya mteja. Mtoto akimaliza na kukata, simu haikatiki, kwa sababu mzazi bado ameishika upande wake. Mteja anabaki akingoja kwaheri isiyokuja.

Na huo ni mwanzo tu. Kila soketi iliyosahaulika inashika nambari moja, na mchakato hauna nambari zisizo na mwisho. Katika mifumo mingi ya Linux kikomo cha kuanzia ni 1,024. Zikiisha, accept inashindwa. Seva haijafa, umeme upo, mtandao upo, lakini wateja wanarudishwa mlangoni. Dawa ni mstari mmoja: mzazi afunge soketi ya mteja mara tu baada ya kujigawa.

Turudi sasa kwenye maabara yetu ya saa tatu usiku. Upande unaotangulia kukata muunganisho wa TCP hauondoki papo hapo. Unabaki katika hali iitwayo TIME_WAIT kwa muda fulani; kwenye Linux ni sekunde 60, na katika mifumo mingine inaweza kufika dakika nne. Sababu ni mbili. Kwanza, jibu la mwisho la kuagana linaweza kupotea njiani, kwa hivyo lazima abaki mtu wa kulirudia. Pili, kunaweza kuwa na pakiti zilizochelewa ambazo bado zinazurura mtandaoni, na zikiingia kwenye muunganisho mpya wenye anwani zilezile zitachafua data.

Wanaprogramu wengi waliiona hali hii kama ugonjwa na kutafuta mbinu za kuiua. Stevens alieleza kwa subira kwamba ni kinga. Badala ya kuing'oa, seva iwashe chaguo la SO_REUSEADDR kabla ya kuita bind, na itawaka tena bila kungoja. Aliwashauri waandishi wa seva za TCP wote wafanye hivyo. Ungekuwa na ukurasa huo mbele yako, ungelala mapema.

USHAHIDI KWANZA

Baada ya kitabu cha kwanza hakupumzika. Advanced Programming in the UNIX Environment kilitoka 1992. Mwaka wa 1994 kikaja TCP/IP Illustrated, juzuu ya kwanza, na hapo ndipo mbinu yake ilipoonekana wazi. Alitumia mtandao wa kompyuta halisi zenye mifumo tofauti, akazifanya ziwasiliane, na kunasa pakiti zikipita kwa kutumia programu ya tcpdump. Kisha akachapisha alichokiona, pakiti kwa pakiti, na muda wa kila moja. Msomaji hakuhitaji kumwamini. Angeweza kurudia jaribio mwenyewe.

Juzuu ya pili, ya 1995, aliandika pamoja na Gary R. Wright. Humo walipitia takriban mistari 15,000 ya msimbo halisi wa C unaoendesha mtandao ndani ya 4.4BSD-Lite. Ya tatu ilifuata 1996. Vitabu hivyo alivipanga kurasa mwenyewe kwa troff, zana ya Unix, na misimbo pamoja na masahihisho ya makosa akaviweka kwenye mtandao bure.

Alishiriki pia kuandika nyaraka za viwango vya intaneti, zikiwemo zinazoeleza jinsi soketi zitakavyotumia anwani mpya za IPv6.

Umaarufu ulimfikia kwa njia za ajabu. Katika filamu ya vichekesho Wayne's World 2 ya mwaka wa 1993, nakala ya UNIX Network Programming inaonekana mkononi mwa msichana anayependwa na mmoja wa wahusika. Ni vitabu vingapi vya programu vimewahi kupata nafasi sinema?

JUZUU ISIYOTOKA

Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa akiandika upya kile kitabu chake cha kwanza. Intaneti ilikuwa imebadilika na kitabu kimoja hakikutosha tena. Mpango ulikuwa juzuu tatu. Ya kwanza, kuhusu soketi, ikatoka. Ya pili, kuhusu mawasiliano ya michakato ndani ya kompyuta, nayo ikatoka. Ya tatu haikuwahi kutoka. Stevens alifariki Septemba 1, 1999, akiwa na umri wa miaka 48 pekee.

Mwaka uliofuata, chama cha USENIX kilimtunuku tuzo yake ya mafanikio ya maisha, naye hayupo kuipokea. Wengine waliibeba kazi: Bill Fenner na Andrew Rudoff walitayarisha toleo la tatu la juzuu ya soketi, na Stephen Rago akahuisha kile cha 1992.

Leo lugha nyingi humficha mwanaprogramu mambo haya. Unaandika mstari mmoja, ukurasa unafunguka. Lakini chini kabisa, ombi lako likitoka kwenye rununu kwenda kwenye seva, bado kuna soketi inayofunguliwa, na bado kuna mtu aliyepaswa kukumbuka kuifunga. Akisahau, huduma hukwama, na wewe unabaki ukitikisa simu ukidhani ni bando limeisha.

Mwanafunzi wa Eldoret au Voi anayepambana na seva yake usiku hana haja ya kuwa na rafiki katika kampuni kubwa ili apate jibu. Lipo kitabuni, pamoja na sababu zake. Mtoto wa Luanshya aliliacha hapo.