Andrée Blouin, mama aliyeita wasiokuwa na kura

Mwezi wa tano mwaka 1960, Congo ilichagua wadeputé wake wa kwanza. Babu zetu walipanga mulolongo na kupiga kura. Bibi zetu walibaki nyumbani, juu sheria iliruhusu wanaume peke yao. Lakini miezi ile ya kampanye, kulikuwa mwanamke mmoja aliyezunguka kijiji kwa kijiji, upande wa Kwilu, Kwango na Kasai, akiita wamama hao wasiokuwa na kura waingie katika siasa. Jina lake Andrée Blouin. Wazee wengine wanalikumbuka hilo jina, vijana wengi hapana.

Alizaliwa mwaka 1921 katika Ubangi-Shari, inchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Baba yake alikuwa Mfaransa. Mama yake, wa kabila la Banziri, alikuwa yeye mwenyewe bado mtoto. Andrée alipofika miaka 3, baba alimutoa kwa mama yake na kumupeleka Brazzaville, kwa masista waliolea yatima machotara. Yatima, na wazazi wote wawili wako wazima! Alikaa mule miaka 14, na maisha yalikuwa ya taabu na fimbo. Alipokuwa na miaka 17 alitoroka, akaanza kushona nguo kwa kutafuta ugali wake.

Akazaa watoto. Mutoto wake mwanaume, René, alikuwa na miaka 2 malaria ilipomukamata kule Bangui. Dawa ya kinini ilikuwako, lakini ilikuwa ya wazungu. René alikuwa na damu ya Afrika, basi wakamunyima, akakufa. Kila mama wa hapa kwetu aliyekwisha kulala na mutoto mwenye homa anajua uchungu huo. Toka siku ile Andrée alielewa kama ukoloni haukuwa shida yake peke yake.

Baadaye aliolewa na André Blouin, Mfaransa, mhandisi wa migodi. Kazi ya bwana yake iliwafikisha Guinea. Huko mama huyu aliingia kampanye pamoja na Sékou Touré, na mwezi wa tisa 1958 watu wa Guinea wakamukatalia de Gaulle. Inchi yao ikapata uhuru mwezi uliofuata.

Mwaka 1960 alikuja kwetu kufanya kazi na Antoine Gizenga na Pierre Mulele, wakubwa wa chama cha PSA. Akapewa kazi ya kuongoza tawi la wanawake, Mouvement féminin pour la solidarité africaine. Hakukaa katika biro. Alipanda gari, akapita njia mbaya, akakusanya wamama chini ya miti. Aliwaambia juu ya kujua kusoma na kuandika, usafi wa nyumba, pombe inayovunja jamaa, na haki ya mwanamke aliyeachwa na watoto mikononi. Katika miezi michache tu, wamama karibu 45,000 waliandikwa. Na chama cha PSA kikapata viti 13 katika bunge.

Wabelgiji walimuogopa, wakamufukuza mbele ya uhuru. Akarudi, Lumumba akamupa kazi ya mkubwa wa protokole katika serikali yake. Magazeti ya Ulaya yalimutukana: mara mukomunisti, mara kahaba wa wakubwa. Mwezi wa tisa Mobutu alichukua mamlaka, na Mama Blouin akafukuzwa tena. Lumumba aliuawa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Andrée Blouin aliishi Algeria, kisha Ufaransa. Alikufa Paris mwaka 1986, mbali na hii inchi aliyoitumikia.

Mwaka 1966 Sophie Kanza akakuwa mwanamke wa kwanza kuwa minista wa Congo, na mwaka 1967 wanawake wakapata haki ya kura. Haikutoka mbinguni. Wale 45,000 walikwisha kutangulia.

Mbona ninawaandikia hii, wandugu wachimbaji? Juu ninazunguka kwenye machimbo kwa kazi ya sendika, na ninaona wamama wanaotwanga mawe, wanaoosha mchanga, wanaobeba maji na chakula mpaka kwenye mashimo. Wakati wa kuchanga franga, tunawaita. Wakati wa kuchagua komite, tunasema wao si wachimbaji. Tunafanya kama sheria ile ya 1960. Mama Blouin hakungojea sheria ibadilike ndipo aite watu. Aliita watu, na sheria ikafuata nyuma. Katika mukutano unaokuja, tufungue daftari tuandike na majina yao. Kisha nao wapige kura.