Marion Hollins, mwanamke aliyevusha mpira juu ya bahari

Marion Hollins alizaliwa mwaka wa 1892 katika jimbo la New York, Marekani. Mwaka wa 1921 alikuwa bingwa wa golfu wa wanawake wasiolipwa katika nchi yake. Kisha alienda California, kwenye pwani ya Pasifiki, kusimamia ujenzi wa uwanja wa Cypress Point.

Kazi nguvu ilikuwa shimo la 16. Mchezaji anasimama juu ya mwamba. Toka pale mpaka kwenye shimo ni mita 200 na kidogo, na karibu yote ni maji ya bahari. Seth Raynor, aliyechora uwanja wa kwanza, aliona ni mbali mno. Inasimuliwa kwamba Marion aliweka mpira chini, akaupiga, nao ukaanguka ng'ambo. Raynor alikufa mwaka wa 1926, na Mwingereza Alister MacKenzie akaendelesha kazi. Uwanja ulifunguliwa 1928.

Lakini hakuna anayelazimishwa kuvuka. Upande wa kushoto kuna nchi kavu: mwenye nguvu kidogo anapiga kule kwanza, kisha anageukia shimo. Anaongeza pigo moja, ila mpira wake hauzami. Kila mtu anapima mkono wake na upepo.

Marion mwenyewe hakupenda kupita kando. Feza nyingi alizopata kwenye mafuta ya petroli aliziingiza katika Pasatiempo, uwanja wake uliofunguliwa 1929. Mgogoro wa uchumi ulimnyang'anya. Alikufa mwaka wa 1944, mali imekwisha. Shimo la 16 lingali linachezwa, na njia zote mbili ziko wazi.