Rebmann na Theluji ya Kilimanjaro

Johannes Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka wa 1820. Alifika pwani yetu mwaka wa 1846 kuhubiri dini, akakaa Rabai pamoja na Krapf. Tarehe 11 Mei 1848, akielekea Uchagani, aliona weupe juu ya mlima. Kiongozi wake aliuita baridi tu. Rebmann kwao theluji si kitu kigeni, akaitambua papo hapo.

Aliandika habari hiyo, lakini Cooley wa London, ambaye hata Afrika hakuwahi kuikanyaga, akakataa katakata. Eti theluji karibu na ikweta! Von der Decken ndiye aliyekwenda mlimani 1861 na 1862 akathibitisha. Rebmann alipofuka macho, akarudi kwao 1875, akafa 1876.

Mwaka wa 2000, Lonnie Thompson na wenzake kutoka Marekani walitoboa barafu ile ile. Ya chini kabisa waliikadiria miaka 11,700. Humo mna tabaka la vumbi la miaka kama 4,000 iliyopita, alama ya ukame mkali (wenye jamaa Kinango ukame tunaujua). Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu hiyo imekwisha.