Glen Edwards na namba niliyoipika

Jamani, nakiri: mwaka jana nilipika data. Tulikuwa maabara tunavuta vipande vya chuma mpaka vikatike, kimoja kikakatika mapema mno. Ripoti ilitakiwa kesho yake asubuhi. Nikaandika namba inayofanana na zile nyingine, nikalala.

Baadaye nikasoma maisha ya Glen Edwards, usingizi ukapotea.

Edwards alizaliwa Kanada mwaka 1918, akakulia California. Alisoma uhandisi wa kemikali pale Berkeley, akamaliza 1941 na kuingia jeshi la anga la Marekani. Alipigana Afrika Kaskazini, akarudi salama. Desemba 1945, yeye na Henry Warden waliruka kutoka Long Beach mpaka Washington kwa saa 5 na dakika 17, rekodi ya wakati huo. Mwingine angetulia na sifa zake. Yeye akarudi darasani, Princeton, akapata shahada ya uzamili ya uhandisi wa ndege mwaka 1947.

Kazi yake ilikuwa kujaribu ndege za kijeshi. Miaka ile injini za jeti zilikuwa ngeni, na hakukuwa na kompyuta ya kukuonyesha mapema ndege itafanya nini huko juu. Ilibidi mtu apande, aibane mpaka mwisho wa uwezo wake, kisha ashuke aseme alichokiona.

Mwaka 1948 akapelekwa Muroc, jangwani California, kujaribu YB-49. Ilikuwa na injini 8 za jeti lakini haina mkia wala kiwiliwili, ni bawa tupu. Kwa macho ilipendeza. Edwards aliandika kwenye shajara yake kwamba kuna wakati haishikiki kabisa. Hakuipamba.

Tarehe 5 Juni 1948 ndege hiyo ilivunjika ikiwa angani. Wote 5 waliokuwamo walikufa, akiwemo Meja Daniel Forbes. Edwards alikuwa na miaka 30 tu. Mwaka 1949 kambi ya Muroc ikapewa jina lake, na bado inaitwa hivyo.

Mimi nilimfuata mwalimu, nikamweleza. Alama zikakatwa, sawa. Kisha tukakitafuta kile kipande kwenye boksi la mabaki, tukakiangalia kwa lenzi. Kilikuwa na ufa wa zamani. Namba niliyoifuta ndiyo iliyokuwa inausema.