Ray Petri, Mvishaji wa Wanaume

Muhula mmoja uliopita, mwanafunzi wangu, kijana wa Lamu, alirudishwa mlangoni mwa maktaba kwa kuvaa kikoi. Bawabu alishikilia kwamba ile ni sketi, na kwamba mwanamume havai sketi. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kilichonikera hasa ni lile neno. Kitambaa ni kile kile na kiuno ni kile kile, ila jina likibadilishwa, aliyekivaa naye huonekana kabadilika. Usiku ule nilimkumbuka Mskoti aliyeuchokonoa mpaka huo katika maisha yake mafupi, marehemu Ray Petri.

Petri alizaliwa Dundee, Scotland, mwaka wa 1948, katika nchi ambayo wanaume wake wamevaa kilti, yaani sketi ya sufi yenye marinda, harusini na hata vitani, wala hapana aliyewatilia shaka. Akiwa barobaro alihamia Australia, akajiunga na bendi ya muziki, na mnamo 1969 akarejea Uingereza. Alihangaika na kazi hii na ile kabla ya kuipata iliyomfaa. Lugha yetu haijaipa kazi hiyo jina lililozoeleka. Ningependa tuiite uvishaji. Mvishaji hashoni nguo wala hapigi picha. Humteua mtu wa kupigwa picha, akamchagulia mavazi na kuyalinganisha mwilini mwake.

Mapema katika miaka ya 1980 aliwakusanya rafiki zake, wakiwamo wapiga picha Jamie Morgan na Marc Lebon, wakajiita Buffalo. Kazi zao zilitoka katika The Face, jarida lililoanzishwa London mwaka wa 1980. Humo Petri alimvisha mwanamume koti la rubani wa kivita, na chini yake sketi. Naomba msomaji atue hapo kidogo. Mwimbaji Boy George, aliyevuma miaka hiyo hiyo, alijipaka wanja na rangi ya mdomo. Wanaume wa Petri walibaki na mabega yao mapana na ule uso mkavu wa bondia, wakatutazama kana kwamba hawana la kueleza. Wataalamu huziweka picha hizi katika fungu la androjinia, yaani mchanganyiko wa sura ya kike na ya kiume. Kwangu, ushujaa wake ulikuwa katika kulipanua neno mwanamume kutoka ndani. Mwaka wa 1985 Mfaransa Jean Paul Gaultier naye alikuwa na sketi za wanaume katika mavazi yake. Wapo wanaobishana nani alimtangulia mwenziwe, ubishi usionishughulisha.

Tena aliwatanguliza vijana weusi na wa damu mchanganyiko, ilhali majarida mengi ya mitindo yaliwapa kisogo. Nick Kamen, ambaye ukoo wake ulichanganya Asia na Ulaya, alitokea kwenye jalada la The Face mwaka wa 1984. Mwaka uliofuata tangazo la suruali za Levi's likamfanya ajulikane kote.

Mwaka wa 1988 Neneh Cherry, aliyekuwa mmoja wa kundi hilo, alitoa wimbo Buffalo Stance, na jina la Buffalo likafika kwa watu ambao hawajawahi kufungua jarida la mitindo. Petri hakudumu kuufaidi umaarufu huo. Ukimwi ulimuua mwaka wa 1989, zama ambazo dawa kama tulizo nazo leo hazijapatikana, na mgonjwa aliweza kukimbiwa hata na waliokula naye. Alikuwa hajaacha duka wala nembo yenye jina lake. Aliacha picha, na nyingi kati yake mtazamaji hazijui kuwa ni zake.

Kesho yake mwanafunzi wangu aliingia maktabani akiwa amevaa suruali. Kikoi alikuwa amekikunja mkobani.